Haradali ya Mama Mkwe

Jumamosi, 14 Mei 2016
Mama Bernardine, mama mkwe wangu, ana wiki ya tatu nasi hapa New Hope, ughaibuni, tangu atoke kambi ya wakimbizi, na hajamaliza sahani hata moja. Mboga za dukani anasema hazina ladha ya kitu. Mke wangu Reine analia bafuni. Leo nimepata dawa. Kwenye kimsitu cha ziwani nimekuta Wazungu kama sitini, wazee kwa watoto, wanang'oa mmea mmoja tu na kujaza mifuko. Maua meupe. Majani ukiyasugua yananuka kitunguu saumu. Nani aache usingizi wa Jumamosi kwa ajili ya takataka? Nikaingia mstarini. Wakanipa glavu, sandwichi na shukrani. Nimetoka na mfuko chini ya koti.

Jumapili, 15 Mei
Baada ya ibada nimepanda mashina arobaini kwenye ploti yetu, kipande tulichopewa katika bustani ya kanisa. Nimechungulia maua. Kila moja petali nne, msalaba kamili, dogo kuliko ukucha. Nimesimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Thaddée, mwenyekiti wa bustani, ambaye lengalenga zake, mchicha wa kwetu, zilisifiwa mwaka jana mpaka mimbarini, ameuliza ni nini. Siri ya familia, nimemjibu.

Jumanne, 17 Mei
Nimepika kwa mawese na karanga. Mama ameonja. Amekula yote, akafuta sahani kwa bugali. Halafu ameniita mwanangu. Miaka tisa ya ndoa, mara ya kwanza! Reine amelia tena, safari hii mezani.

Alhamisi, 19 Mei
Ajabu. Mashina sita niliyasahau juu ya saruji tangu Jumapili, hayana udongo wala maji. Yamelala, lakini vichwa vimejikunja kutazama juu, na maua mapya yamefunguka. Nimevua kofia. Nimeogopa kidogo pia.

Jumamosi, 21 Mei
Kikao cha bustani. Thaddée amekuja na karatasi ya kaunti yenye picha. Kumbe ni gugu, kupanda ni marufuku, linaua mimea ya msituni, na wale Wazungu walikuwa wanalitokomeza. Shina moja mbegu mamia, nazo hukaa ardhini miaka. Ni jamii ya haradali, akamalizia. Haradali! Ile ya Injili! Nimewatazama wenzangu, hakuna aliyeguswa. Wamesema ning'oe yote na kuahidi sitarudia, la sivyo tunanyang'anywa ploti, na Mama ndiyo kwanza ameomba kipande cha kulima. Nimeng'oa, Thaddée akihesabu. Nimeahidi mbele ya mchungaji. Nimesema nimejifunza, na nilimaanisha.

Jumapili, 22 Mei
Mama amesukuma sahani ya spinachi. Ameniuliza taratibu, "Mwanangu, iko ingine?" Reine ameinamisha kichwa.

Nimeifikiria ile ahadi vizuri. Ilihusu bustani. Roshani yetu haikutajwa. Nyuma ya maegesho ya jengo letu, kando ya uzio, mmea umejaa tele wala hakuna anayeutazama. Nimepanda kumi na mbili kwenye ndoo. Unapendeza mno. Thaddée anakaa ghorofa ya chini yetu, na roshani yake inapata jua kuliko yetu. Mbegu zikikomaa nitamdondoshea chache. Atanishukuru.