Newtontoppen, Licha ya Eilif

Jumanne, 23 Aprili. Longyearbyen.
Nimefika. Eilif naye kafika. Ndege moja, safu moja. Yeye dirishani, mimi katikati, kiwiko chake mbavuni mwangu tangu Oslo. Dunia haina haki!

Niandike mambo yalivyo, wajukuu waje wasome ukweli. Mwenyekiti wa klabu yetu ya kuteleza thelujini kwa ski anang'atuka mwezi ujao. Kiti kinatakiwa na watu wawili: mimi, Asgaut Hovdenak, makamu kwa miaka kumi na mmoja, na Eilif Tveitane, daktari wa meno, mtu anayetabasamu hata akitafuna. Hajatamka kwamba anakitaka. Hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Hakuna mwanachama wetu aliyewahi kufika Newtontoppen, mlima mrefu kuliko yote katika visiwa hivi vya Svalbard. Kileleni kuna sanduku la bati, na ndani mna daftari la majina. Wa kwanza wetu kuandika jina mle ndiye mwenyekiti. Haijaandikwa popote, lakini kila mtu anajua. Safari hii nilimwambia mke wangu peke yake. Wiki ile ile mke wangu akaenda kung'olewa jino.

Kiongozi wetu ni Gunnvor, mama wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono kama ya mchonga mawe. Aliuliza nani kazoea bunduki, maana huku hutoki mjini bila silaha kwa ajili ya dubu weupe. Nikamwambia nimewinda kulungu miaka thelathini na sijawahi kukosa. Kweli tupu. Nimepiga mmoja tu, na alikuwa kashagongwa na treni. Hilo sikuulizwa.

Alhamisi, 25 Aprili. Juu ya barafu.
Pikipiki za theluji zimetushusha na kutukimbia. Tuko sita: Gunnvor, mimi, yule, mke na mume kutoka Tromsø wasioongea na mtu, na Preben, Mdenmark. Mdenmark mlimani! Kwao kilima kirefu kabisa unakimaliza kabla sigara haijaisha.

Kila mtu anavuta sleji yake ya mizigo. Gunnvor akaamuru tubandike manyoya chini ya ski, tusirudi kinyumenyume kwenye mteremko. Manyoya! Hayo ni ya watoto na Wadenmark. Mimi nina nta yangu ya kupaka ski, nimeipika mwenyewe jikoni, kama baba, na kabla yake babu. Gunnvor akasema, "Asgaut mdogo wangu, hapa si nyuma ya nyumba yako. Bandika." Nikamjibu kwamba aliyezaliwa na ski miguuni hafundishwi kutembea. Akasema haya, shauri yako.

Jua likapanda kidogo, theluji ikaanza kunasa chini ya ski zangu. Mabonge makubwa kama mikate. Nimetembea kutwa nzima nikiwa mrefu kuliko nilivyozaliwa. Preben akanipita. Akarudi kuuliza kama anisaidie kuvuta sleji. Nikajifanya natazama mandhari. Mandhari yenyewe nyeupe tu, pande zote.

Kambini Eilif alikuwa ananisubiri na kikombe cha chai. Ya moto, tena na sukari mbili kama ninavyopenda. Mnafiki hana haya.

Ijumaa, 26 Aprili.
Nimebandika manyoya. Kwa hiari yangu.

Nimegundua kwa nini Eilif ananiacha mbali: sleji yake nyepesi. Daktari wa meno hana cha kubeba. Basi asubuhi, wakati anapiga mswaki (dakika nne kamili, nimempima!), nimemtumbukizia chini kabisa ya mizigo yake kipande changu cha jibini la kahawia, kilo mbili na nusu, na dumu langu la mafuta ya jiko. Sleji yangu sasa inateleza yenyewe. Ujanja si kuvaa miwani ya theluji!

Jumamosi, 27 Aprili.
Eilif kapekua mizigo akitafuta soksi. Kaliona jibini. Akapiga kelele ya furaha, akasema lazima ni mkewe aliyelificha humo kumfurahisha. Akalikata vipande, akamgawia kila mtu. Preben alikula vinne. Gunnvor akasema amepandisha watu mlima huu miaka ishirini na tano, hajapata kuona mtu mwenye moyo kama huyu. Hata wale wa Tromsø wamefungua vinywa! Mume alisema "tamu".

Nimepewa kipande kimoja. Nimekula jibini langu mwenyewe na nikasema asante. Roho imeniuma mpaka nikakosa usingizi wa mchana.

Na mafuta je? Jiko langu halikuwa na mafuta. Eilif akanijazia kutoka dumu "alilozidishiwa kimakosa".

Jumapili, 28 Aprili. Chini ya kilele.
Kesho ndiyo siku. Kilele kile pale, kimekaa kama bakuli lililopinduliwa. Hata Preben anaweza kukipanda. Ndio maana nina wasiwasi.

Nimefikiri sana. Sheria ya Gunnvor tunaijua tangu siku ya kwanza: ikionekana alama ya dubu, kambi haiachwi bila mtu mwenye bunduki, kwa sababu dubu akirarua mahema hatuna pa kulala, na huku asiye na hema ni maiti. Sasa, nani kati yetu anajua kulenga? Eilif! Ana medali tatu za shabaha, ziko ukutani pale anapong'olea watu meno. Hesabu rahisi. Dubu akipita, Eilif atabaki.

Basi dubu atapita. Zamu yangu ya ulinzi ni saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja. Jua halizami, naona vizuri. Sufuria ndogo kwa unyayo, mpini wa kijiko kwa kucha.

Jumatatu, 29 Aprili.
Nyayo kumi na nane! Safi kabisa. Nilizitazama nikatetemeka mwenyewe. Nikapuliza filimbi.

Gunnvor katoka, kachuchumaa, katazama muda mrefu. Halafu akaitazama sufuria. Akasema huyu dubu ni wa ajabu: katokea chooni kwetu, kazunguka mahema, ana miguu minne na yote ya kushoto, kisha katoweka pale pale aliposimama Asgaut. Nikasema dubu wa Svalbard ni wajanja. Akasema naam, wajanja mno, mpaka wanajizidi wenyewe. Akanitazama kwa macho ambayo niliyachukulia kuwa ya heshima.

Akatangaza kwamba lazima mmoja abaki. Na hapo, ewe shajara yangu, Eilif akanyoosha mkono! Akasema atabaki yeye, tena kwa furaha, Asgaut apande, Asgaut anautamani sana mlima huu. Moyo ukanipasuka kwa raha. Nilikuwa nimeshashika fimbo zangu za ski.

Gunnvor akasema hapana. "Eilif analenga karatasi, na karatasi haijamrukia mtu. Hapa anatakiwa mtu wa porini. Asgaut kawinda miaka thelathini, hajawahi kukosa. Kasema mwenyewe." Nikasema macho yangu siku hizi si kama zamani. Akasema, "Dubu ni mkubwa, mdogo wangu. Utamwona tu."

Nikataka kusema kweli. Neno lilifika hadi menoni. Lakini pale palikuwa na Preben, akinisikiliza mdomo wazi. Kukiri mbele ya Mdenmark? Bora niliwe.

Wakaondoka watatu. Wa Tromsø nao wamebaki, mke ana malengelenge visiginoni, mume anambembeleza. Wamecheza karata. Walinikaribisha, lakini mlinzi hawezi kukaa. Kwa saa tisa nzima nimesimama na bunduki, nikilinda mahema dhidi ya sufuria. Mchana nikaona nukta tatu juu kabisa, kwenye mstari wa mbingu. Moja ilikuwa inapunga mkono. Niliona wivu, wivu mtupu.

Jumanne, 30 Aprili.
Walirudi wakiimba. Eilif alinikumbatia. Akaniambia kaliandika jina langu daftarini, la kwanza, na lake chini yangu, kwa sababu "anayelinda kambi, kaka, naye kapanda". Preben akalia. Wadenmark hulia ovyo.

Niliingia hemani, nikalala chali. Kwa dakika mbili hivi nilifikiri huenda Eilif ni mtu mwema tu, basi. Baadaye nikala supu na wazo likapita. Ilikuwa njaa.

Gunnvor kaniambia nioshe vyombo. Hasa sufuria ndogo, alisema, ile yenye kucha. Niliisugua mara mbili.

Alhamisi, 2 Mei. Longyearbyen, uwanja wa ndege.
Tumekaa tunasubiri kupanda. Eilif kaninunulia kahawa. Nikaona huu ndio wakati, nikamuuliza kinagaubaga: kampeni yako ya uenyekiti unaianza lini?

Akashangaa kweli. Akasema hagombei, hajawahi kuwazia, vikao vinamsinzisha. Huku alikuja kwa sababu mke wangu, siku ile ya jino, alimwambia ananionea huruma, nakwenda barafuni peke yangu bila rafiki hata mmoja. Akaona anisindikize. Na mkutanoni, akasema, atasimama kulipendekeza jina langu. "Nani mwingine, kaka? Kiti ni chako."

Hagombei!

Nimekaa na maneno haya robo saa nzima, kahawa imepoa. Mara nikauona mtego wote, mwanzo hadi mwisho. Hagombei ili waje wamwombe! Wamfuate nyumbani, wampigie magoti, apite bila kupingwa, nami nionekane mwenye uchu wa madaraka. Daktari wa meno huyu ni hatari kuliko nilivyodhani. Na alikaribia kunipata.

Lakini kakutana na Asgaut Hovdenak. Sitaki kiti cha kupewa. Nataka kumshinda, hadharani, kura kwa kura, watu wote wakiona. Na ili ashindwe, lazima agombee. Nimeshaomba karatasi kaunta. Nimeandika barua kwa klabu, ukurasa mmoja na nusu, kulipendekeza jina la Eilif Tveitane. Ili asipate pa kukwepea, nimeeleza yote: chai, jibini, mafuta, namna alivyojitolea kubaki mimi nipande, na jina langu alivyoliandika juu ya lake. Nimeisoma tena. Imenitoa machozi mwenyewe. Nimeitia kwenye sanduku la posta.

Sasa tuone atatokea wapi.