Wapagazi wa Jaruba Langu

Jumatatu, 18 Novemba 2024
Sasa hivi Sayi kamshika mdudu mguu. Mguu umebaki vidoleni, mdudu kaenda zake. Mwanangu kacheka, kaipungia mkono mbuga, bonde letu la tope. Ni wale kama mbu, ila wakubwa, miguu kama nyuzi. Hawaumi. Bwana Justus, mtaalamu wa wadudu, anasema funza wao wanaishi kwenye tope la mbuga yetu tu. Tukilima, wamekwisha. Na ndilo tope ninalolitaka! Jaruba moja tu la mpunga, Sayi ale wali wa mama yake. Wifi Theodora naye analitaka. Eti mimi jembe nalishika kama mwiko. Tutaona.

Jumatano, 20 Novemba
Nimepata akili! Mbuga yetu iko kando ya njia ya zamani ya misafara. Kisimani nimesema wale wadudu ni wapagazi waliofia njiani na pembe begani. Mvua za kwanza wanarudi kulima. Wanakuita kwa sauti ya ndugu yako. Ukiitika, unapokea mzigo wao. Nimetunga yote na ndoo kichwani! Theodora kasema, "Wifi, kwa uongo hujambo!" Jioni nimemwona anamwaga unga wa mtama ukingoni, anaomba radhi.

Ijumaa, 22 Novemba
Balaa! Wameamini wote. Mume wangu Hilari kaficha jembe, hataki kubaki mgane. Bwana Justus kanishukuru kwa kuilinda mbuga. Mimi! Nimeazima jembe kwa jirani Mwanne, nikaingia mbugani asubuhi na ukungu, Sayi mgongoni. Wadudu walikuwa hewani kwa mstari, wanapanda, wanashuka, kama watu wanaotembea na kitu kizito. Kimya. Nikainua jembe. Sayi akasema, "Shikamoo." Akangoja. Akatabasamu kama aliyeitikiwa. Nilikimbia! Jembe limebaki.

Jumapili, 24 Novemba
Theodora kaenda msibani Ulyankulu, kaondoka alfajiri kwa baiskeli. Nafasi! Nimechungulia mbugani. Jembe limesimama wima, na mstari mmoja umelimwa, umenyooka. Nyayo hakuna. Nikageuka nikimbie, halafu nikafikiri: si wapagazi ni watu wa kazi? Nikiwapelekea unga watamaliza jaruba zima! Natia unga kwenye bakuli, Sayi anapunga mkono dirishani. Haa! Theodora huyo, anaita kutoka mbugani: "Mama Sayi, njoo unipokee mzigo!" Kumbe msiba ulikuwa janja, anataka kuniwahi! Nimeshaitika abee. Nakwenda kumwambia hili jaruba ni la