Koti la Kanali, Nyumba ya Koplo

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe ameondoka. Kabeba begi lake la turubai, viatu vinang'aa, mgongo umenyooka kama rula. Hata chai hakumaliza. Nimemwuliza anakwenda wapi, kasema kwa binti yake, yaani wifi yangu, mahali ambako mtu anaheshimiwa. Nimemwuliza atarudi lini. Kasema siku Sajini, jirani yetu, atakapomwomba radhi mbele ya bendera, watu wote wanasikia. Kambusu Kibonge utosini, kafunga geti. Kibonge kalia. Na mimi nikalia, nimsindikize mwanangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Jana wazee wamekaa barazani, Sajini kasema dobi si askari. Baba mkwe jeshini alikuwa koplo, kazi yake kufua na kupiga pasi sare za maofisa. Sajini akaongeza kwamba mwenzetu huyu vita yake alipigana na povu. Wazee wakaangua kicheko. Baba mkwe hakucheka. Alikunja kiti chake, akaingia ndani.

Sasa mimi je? Mtaa huu ni wa askari wastaafu. Si wa wakwe zao! Kila Jumamosi asubuhi askari wa kila nyumba husimama mlangoni pake, Baba Filimbi anapita kukagua. (Baba Filimbi ndiye msimamizi wetu, sajini meja mstaafu. Filimbi haimtoki shingoni, nadhani hata kuoga anaoga nayo.) Nyumba ikikosa askari, anapewa askari mwingine, na wanaongoja ni wengi kama nini. Baba Kibonge yuko safarini na lori, hadi mwezi ujao. Kule tulikokuwa tunaishi kabla ya hapa, Kibonge alikohoa mpaka midomo ikawa rangi nyingine. Hapa kifua kimetulia, mtoto ananenepa, jina limemkaa.

Siondoki mimi.

Nimefikiri sana huku nakuna nazi. Jibu nimelipata. Asijue mtu kwamba ameondoka! Rahisi kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeweka viatu vyake vya zamani mlangoni. Nimefungulia redio taarifa ya habari, sauti ya juu, kama apendavyo. Kisha nikajificha nyuma ya pazia nikakohoa kizee. Vizuri mno! Kibonge mwenyewe kageuka kumtafuta babu yake.

Nimekohoa vizuri kupita kiasi. Dresa wa jeshi, mfunga vidonda wa zamani, yule mzee wa nyumba ya kona, kaja mbio na chupa ya dawa. Kasema kikohozi kile amekisikia kutoka kwake na hakikumpendeza. Anataka kumwona mgonjwa. Nikasema anaoga. Kasema atangoja. Akangoja! Hawa watu wamefundishwa kungoja. Baada ya muda kasema koplo anaoga sana. Nikasema si unajua alikuwa dobi, maji ameyazoea.

Kaondoka. Lakini kesho anarudi, na dawa lazima inywewe yeye akiona.

Jasho limenitoka. Inatakiwa mgongo wa mzee dirishani. Mgongo tu. Nani ana mgongo kama wa baba mkwe?

Jumatano, 6 Machi

Mjomba anao! Kaka yake mama, fundi viatu wa soko la mbali, majirani hawamjui. Mrefu, mkavu, shingo ndefu. Ukimtazama kwa nyuma, baba mkwe huyo huyo. Nimemwingiza kwa mlango wa uani alfajiri. Makubaliano: akae kitini dirishani, uso ukutani, asigeuke, asiseme. Yeye kauliza chakula ni mara ngapi. Nikamwambia mara atakazo. Kakubali.

Tatizo, nguo. Baba mkwe kaondoka na jaketi zake zote. Lakini kabatini limebaki koti moja ndani ya mfuko wa nailoni. Lile koti zuri. Kila mwezi analitoa, analipiga pasi, analirudisha. Hajawahi kulivaa. Nilidhani anajibania tu, kama wazee wanavyofanya na vikombe vya wageni. Mabegani lina nyota, na kitu kingine kinang'aa juu ya nyota. Mjomba kalivaa, kifua chenyewe kikatoka mbele bila kuambiwa.

Saa ya Sajini kupita ikafika. Anapita kila siku arushe neno. Leo kaanza, koplo, bado umenuna... kisha kaona bega. Neno likakatika. Mguu wake ukagonga chini, ta! Mkono ukaruka kwenye paji la uso. Akaondoka kinyumenyume hadi kwenye vyungu vyangu vya maua, akakanyaga kimoja, nacho akakipigia saluti.

Sijaelewa. Jana anamcheka mtu, leo anampigia saluti? Lazima ni majuto. Dhamiri inamsuta!

Jioni mtaa mzima unafyeka majani. Dresa kaleta dawa kwa mikono miwili, macho chini, hakuomba kuingia. Kasema ni ya koplo, afande asijisumbue. Afande nani? Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Baba Filimbi mwenyewe kaja, vifungo hadi kooni. Kaniuliza kwa sauti ya chini afande kanali amefika lini. Nikasema kanali gani? Akanikonyeza. Kasema anaelewa, mambo haya ni ya siri, wakubwa huja hivi hivi bila kutangaza, waone watu wanaishije. Kauliza koplo yuko wapi. Nikasema ndani. Katikisa kichwa kwa heshima, eti bila shaka anampigia afande pasi, na kumbe koplo ana watu wake wakubwa na hasemi, mtu wa ajabu yule.

Nimerudi ndani kichwa kinazunguka. Nimemwuliza mjomba kanali ni nini. Kafikiri, kasema anadhani ni yule wa chini kidogo ya koplo. Tukapumua wote wawili. Kumbe jambo dogo!

Ila mjomba ameanza kugeuka. Amegundua akikohoa watu wanasimama. Mchana kasema kwa dirisha kwamba anatamani chai. Kabla sijawasha jiko, wazee wanagombania mlango kila mmoja na birika lake. Tena anasema nao! Na anachosema ni viatu tu. Kamwambia Sajini kisigino chako kimelika upande mmoja, mtu mzima unatembeaje hivyo, huna aibu? Sajini kasema ndiyo afande, aibu ninayo afande. Kamwambia dresa soli ile ni ya kubandika kwa gundi, imefanywa na mwizi. Dresa kaondoka analia, eti katika utumishi wake wote hakupata kamanda anayejali askari wake hadi nyayo.

Nilimkanya mjomba. Kaniambia nizungumze naye nikiwa nimesimama vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwisha.

Baba Filimbi kaja na habari njema, ndivyo alivyoziita. Haiwezekani kanali alale katika nyumba ya koplo, penye mtoto mchanga na nepi zinaning'inia. Kule juu ipo nyumba ya maofisa, wanaifagia leo. Kesho baada ya ukaguzi watambebea afande mizigo, na koplo atahamia huko huko kumhudumia. Nikauliza, na nyumba hii? Kasema itapata askari mwingine, nisiwe na wasiwasi, haitakaa bure.

Wasiwasi wangu ni kwamba haitakaa bure!

Nimemwambia mjomba akatae. Akawa anakwangua kucha. Kauliza, kule juu choo ni cha ndani? Nikasema sijui. Kasema yeye anajua, ameulizia. Na kuna bafu la maji ya moto. Mjomba wangu wa damu! Nimempakata Kibonge karibu na dirisha, analala mdomo wazi, anapumua bila mluzi wowote kifuani. Nimemwambia mama yako si mjinga, mwanangu, atatengeneza. Sijui nitatengenezaje. Nimempigia simu baba mkwe nimsihi arudi. Kapokea wifi. Nikamwambia tu kwamba kuna kanali amekaa nyumbani na sijui nimtoeje. Wifi kashusha pumzi, akakata. Huyu naye, hana msaada.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau.

Asubuhi filimbi imelia. Wazee wote wamepangwa mbele ya bendera badala ya milangoni, kwa heshima ya mgeni, na koplo kasamehewa, eti anafunga mizigo ya afande. Baba Filimbi kapiga saluti, kamkabidhi mjomba gwaride. Mjomba hajui amri hata moja. Nyumbani kwake anaamrishwa yeye. Bendera inapepea. Mwisho mjomba kasema, haya, vueni viatu.

Wakavua! Mstari mzima, soksi zimetoboka, hakuna aliyeuliza. Mjomba kapita akiinua kiatu kimoja kimoja, anakinusa, anakikunja, anatikisa kichwa. Ukaguzi mkali kuliko wote waliowahi kupata, ndivyo wanavyosema hadi sasa.

Hapo geti likagongwa kama linavunjwa. Baba mkwe! Kumbe wifi alimwambia kuna mwanamume, kanali, amejikalisha nyumbani na mke wa mwanao, na mwanao yuko safarini. Kaja na rungu. Macho mekundu. Kavuka uwanja moja kwa moja.

Kisha kaona koti.

Rungu likaanguka. Visigino vikakutana. Saluti. Anatazama vifungo tu, uso hakuthubutu kuutazama. Kasema kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, afande, uliondoka hukulichukua, nikalitunza, kila mwezi nalipiga pasi.

Mimi mwenyewe nilikaribia kuamini. Lakini akili ikafanya kazi! Nikamchoma mjomba kidole mgongoni, nikamnong'oneza, mwambie Sajini aombe radhi, haraka. Mjomba kwa mara ya kwanza katika wiki hii akanitii. Kanguruma, Sajini, mbele, mwombe huyu mtu radhi.

Sajini katoka mstarini miguu mitupu. Kasema mbele ya bendera, watu wote wanasikia, kwamba dobi ni askari. Kwamba siku ile ya mvua kubwa wote walilala na nguo za matope, na asubuhi walizikuta safi, kavu, zimekunjwa, na hakuna aliyewahi kuuliza nani hakulala. Kasema samahani, ndugu yangu.

Baba mkwe akafuta macho, akainua uso kumshukuru kanali wake. Akatazama. Akatazama tena.

Kasema, wewe si yule fundi viatu?

Mjomba kakimbia. Sijapata kuona mtu wa umri ule anaruka ukuta na koti la watu.

Jumapili, 10 Machi

Koti limerudi. Limepatikana limenasa kwenye miiba nyuma ya ukuta.

Baba Filimbi kaniita ofisini. Nimekwenda na Kibonge mgongoni, labda atamlainisha. Hakupuliza filimbi, ndipo nikaogopa kweli. Kauliza kwa nini sikusema tu kwamba koplo amekwenda likizo. Nikasema likizo? Kasema ndiyo, askari yeyote ana haki ya likizo, hata mstaafu, unapita hapa dirishani unasema kwa mdomo, nyumba inabaki yake, hata akikaa huko mwaka. Kauliza, hukuuliza mtu? Nikasema nilikuwa na shughuli nyingi.

Kafunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanatikisika. Sijui alikuwa analia au vipi.

Hukumu: mjomba atashona viatu vya mtaa mzima bila malipo. Mimi nafagia kuzunguka bendera kila asubuhi. Nyumba tunabaki nayo. TUNABAKI! Nimemrusha Kibonge juu, kacheka, katapika kidogo begani kwangu.

Sajini yuko barazani kwetu tangu asubuhi, anamshikia baba mkwe upande mmoja wa shuka akikunja. Wanagombana kuhusu pembe.

Baba mkwe kalifua koti upya kwa sababu ya jasho la mjomba. Kaniambia bila kunitazama kwamba kwa dakika ile moja aliamini kanali mwenye koti amekuja kulichukua. Nikamwekea Kibonge mapajani. Baadaye kasema, mwanangu, siku nyingine kukiwa na jambo, sema ukweli tu, mapema, kwa mtu anayehusika. Nikasema ndiyo, baba. Nimesema kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 11 Machi

Kufagia bendera si adhabu, ni bahati! Mtu unasikia kila kitu. Nyumba ya mwisho karibu na tangi la maji imekuwa wazi. Jiko lina madirisha mawili. Baba Filimbi anatafuta askari wa kuingia.

Nimemfikiria mama yangu. Anaishi mbali, akimkumbuka mjukuu anaimba kwenye simu mpaka salio linaisha. Angekuwa pale tangini, Kibonge angekwenda kwake kwa kutambaa.

Askari wanawake wapo mtaani humu, tena wawili. Mama hajawahi kushika bunduki, lakini sauti anayo, na hakuna aliyewahi kubishana naye akashinda. Nimejiuliza kama nipite pale dirishani nimwulize Baba Filimbi taratibu zikoje. Lakini mzee wa watu amechoka, nisimsumbue.

Safari hii hakuna makoti. Koti ndilo lililoniponza. Nimeona kofia sokoni, ina ndege wa dhahabu mbele na majani ya dhahabu kuzunguka ukingo wote. Nzuri ajabu. Kofia ni kofia tu, nani atauliza?

Nimempigia mama simu, kaanza mazoezi ya saluti leo leo. Kasema anatumia mkono wa kushoto, lakini kwa mbali haionekani.