Ukuta Mweupe wa Gredi ya Sita

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Habari mbaya kabla ya chai. Madam Rosebella, mkuu wetu wa shule, ametuita ofisini, mimi na mwalimu mwenzangu Ilukor. Ijumaa afisa wa elimu anakuja kuona tunavyofundisha kwa nyenzo za bure za mtandaoni. Atakayefanya vizuri atapewa Gredi ya Sita. Mwenzake ataenda Gredi ya Kwanza, kufunga vifungo na kufuta makamasi.

Gredi ya Sita ni darasa la marehemu mke wangu, Petronilla. Nimelishika tangu tulipomzika mwezi wa nne. Chati zake bado ziko ukutani: mmea wa maharagwe, mzunguko wa maji, na ng'ombe mwenye kope ndefu kama bibi harusi. Alimchora kwenye meza yetu, ncha ya ulimi nje, akinikemea nisiitikise. Nikipoteza darasa, Ilukor atazishusha. Yeye si mtu wa chati. Ni mtu wa kompyuta. Ana hata begi lake.

Hazishuki!

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata tovuti ya maswali, bure kabisa. Watoto wakijibu sawa, skrini inapiga makofi na fataki zinalipuka. Nimeingia kwa laini yangu ya Uganda. Bando lake ni nafuu, na hapa Malaba, mpakani upande wa Kenya, mtandao wa ng'ambo unaingia hadi chumbani. Tovuti ikanikaribisha kwa heshima: tumetambua nchi yako. Niliguswa. Siku hizi wanaonitambua ni wachache. Ikauliza kama nataka maswali yaliyotayarishwa kwa ajili ya nchi yangu. Nikakubali yote. Nikajaribu moja: nyuki ana miguu mingapi? Sita. Makofi jikoni! Nilikuwa peke yangu, lakini makofi ni makofi.

Ilukor ameniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nikamwambia asante, boss, niko sawa. Mjanja yule. Alitaka kuona skrini yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Kikwazo. Projekta ya shule inataka ukuta mweupe. Ukuta wangu umejaa chati. Nikafikiria shuka. Shuka yetu nyeupe ilienda na Petronilla.

Nikatulia, nikafikiri kisasa. Nimepiga chati zote picha, nikazituma kwenye hifadhi ya bure mtandaoni. Huko hakuna mvua, hakuna mchwa. Simu ikalalamika kwamba imejaa, haiwezi kupokea programu ya maswali. Nikafuta zile picha kwenye simu, maana huko kwingine ziko salama. Huku ndiko kupanga!

Watoto walipokwenda nyumbani nikaanza kushusha chati. Petronilla alizibandika kwa uji mzito wa mahindi, kwa sababu gundi ya shule ilikuwa imekauka. Uji wake haukuwahi kuwa na mchezo. Chati hazikushuka, zilichanika. Maharagwe yaliondoka nusu. Ng'ombe nilimkwangua kwa kisu, kope zikawa za mwisho. Ukuta sasa ni mweupe. Mabaki nikayapeleka kwenye shimo la takataka bila kuyatazama.

Nimemwondolea Ilukor kazi. Hapana. Nimeandika vibaya. Nimemshinda.

Alhamisi, 11 Septemba

Amuge wa dawati la mbele ameuliza ng'ombe wa Madam Petronilla ameenda wapi. Nikamjibu yuko mtandaoni. Akafikiri kidogo, akauliza kama Madam naye yuko huko. Nikamwambia atoe daftari la hesabu.

Ilukor akachungulia mlangoni. Akaniuliza, mwalimu, umeng'oa hata yule ng'ombe? Nikamwambia maendeleo yana gharama. Akasema yeye asingethubutu. Bila shaka. Mwoga.

Ijumaa, 12 Septemba

Msiba.

Afisa aliketi nyuma, Madam Rosebella kando yake na soda tayari. Projekta ikawaka. Ukuta ulipendeza, lazima niseme. Swali la kwanza: mji mkuu wa nchi yetu ni upi? Darasa zima likanguruma: Nairobi! Skrini ikawa nyekundu, ikatuzomea. Nikawaambia watoto hawakusema kwa sauti ya kutosha. Nairobi! Tukazomewa tena. Amuge, ambaye mama yake huuza ndizi ng'ambo, akasema polepole, labda Kampala. Fataki! Makofi! Wenzake wakamrukia: rudi kwenu, Mganda wewe, na usisahau kugonga pasi! Swali la pili lilikuwa bendera yetu. Hapo walikuwa wameshajifunza. Wote, kwa sauti moja, wakachagua ile yenye ndege. Fataki mara mbili.

Afisa akaniinamia, akauliza, mwalimu, mpaka umesogezwa lini? Madam Rosebella akachukua ile soda akainywa mwenyewe.

Zamu ya Ilukor ilipofika, stima ikapotea. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Ilukor alikuwa ameshapakua somo lake lote kwenye kompyuta. Akawaita watoto, wakaizunguka kama jiko wakati wa baridi. Lilikuwa somo la moyo, vyumba vyake na mishipa yake. Ulipiga mbele yao, tu, tu, tu. Hata mimi nilisogea kuona.

Darasa ni lake. Jumatatu naanza vifungo na makamasi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nikajiambia, darasa limekwenda lakini chati zipo. Nikafungua hifadhi kwa utulivu, na chai yangu kando.

Kumbe mtandao ulikatika Jumatano katikati ya kutuma. Nimekuta picha moja. Ni kidole gumba changu, kilichoziba kamera. Kimetoka vizuri sana, hata mistari inaonekana.

Chai ilipoa. Sikutengeneza nyingine.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa Ilukor alibisha hodi. Nilijua amekuja kujigamba, nikapanga la kumjibu. Hakuketi. Alinipa bahasha, akasema, mzee, pole, nilichelewa, walikuwa wameshaanza kuchoma takataka.

Ndani kulikuwa na kipande cha karatasi ya manila, kidogo kama kiganja. Ni ile kona ambayo Petronilla alijaribia kalamu kabla ya kuanza kuchora. Miduara midogo, mstari mmoja, kisha herufi tatu: Ode. Alikuwa anaandika Odeke, jina langu, wino ukakatika.

Niliketi mimi badala yake. Ilukor akasema nikiweke kwenye fremu yenye kioo. Akasema na tafadhali, mwalimu, usikipige picha, kiweke tu. Nikaitikia. Ni mtu mwema, nimekosea juu yake. Lakini mambo ya kuhifadhi hayajui.

Nimekitazama mchana kutwa. Kingo zimeungua, kinamomonyoka ukikigusa. Hakiwezi kukaa hivi, ni hatari. Kwa bahati nimepata hifadhi nyingine mtandaoni, bora kuliko ile, na ni ya bure. Kesho nitakipiga picha, kidole mbali kabisa na kamera. Ikishapanda, karatasi yenyewe nitaitupa, isije ikaharibika.