Nilivyolala kwa Maboga Mama Mkwe Akija Kula

Leo nimeaibika. Na sikuaibika nikiwa nimesimama kama watu. Niliaibika nikiwa nimelala tumbo chini kwa mbolea ya ng'ombe.

Wacha niwaambie mwenyewe kabla jirani yangu Mama Njeri hajawaambia, kwa sababu yule ataongeza yake.

Mnanijua. Mimi ni yule mzee wa Kitale anayewatumia picha za kunde kila asubuhi mpaka mmenizima kwa simu zenu (najua mmenizima, mtoto wangu aliniambia). Shule niliacha darasa la tatu. Nilibeba magunia ya mahindi ya watu huko Tongaren mpaka nikanunua yangu, nikauza, nikapata ploti, nikajenga. Nyuma ya nyumba sikupanda maua. Maua hayaliwi. Nilipanda mboga zetu za kienyeji: kunde, managu, mrenda na saga. Na kwa lile tuta la mbolea, maboga yakajiotea yenyewe, yakatambaa mpaka kwa ua wa Mama Njeri.

Sasa jambo lenyewe. Mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Nekesa, hajawahi kula kwangu. Hata tonge moja! Kwetu Bungoma mama mkwe hali kwa mkwe mpaka apelekewe heshima yake, blanketi na vitu vingine. Nilipeleka zamani, kijana wangu Wafula akiwa bado ananyonya. Mama alipokea. Blanketi akajifunika. Lakini kuja kula? Mwaka huu ni mguu. Mwaka ule ni mvua. Mwaka mwingine ati ng'ombe anakaribia kuzaa. Wafula sasa ana ndevu, na huyo ng'ombe bado anakaribia.

Shida niliijua. Siku nilipoenda kuomba binti, aliuliza mbele ya watu wote, "Huyu wa magunia atamlisha nini mtoto wangu?" Nimekuwa nikimjibu kwa jembe tangu siku hiyo.

Basi juzi simu ikalia kutoka Bokoli, kwao Nekesa. Nekesa akasikiliza, akakaa chini.

"Mama anakuja Jumamosi. Amesema tusimchinjie kuku, meno hayako. Anataka seveve."

Seveve! Kwa nyinyi mliokulia kwa maduka, hayo ni majani ya maboga. Unachuma yale machanga ya kwa ncha. Unamenya nyuzi, unakatakata, unachanganya na mrenda na kunde kidogo, unaweka maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ndio ilainike, halafu maziwa. Na wakati huu mvua inapiga kila jioni, majani ni laini kama sikio la mtoto. Mama alikuwa ameomba kitu ambacho nimekuza kwa mkono wangu. Nilitembea kwa boma siku nzima nikiongea peke yangu.

Lakini kuna sheria. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hakuna kupeana mkono, hakuna kukaa chumba kimoja. Akinikuta vibaya atafunika uso na kurudi kwao bila kuonja kitu, halafu wazee waitwe kutengeneza mambo. Na kwa umri wake, nani aliniambia atakuja tena?

Nekesa alinipa amri asubuhi. "Baba Wafula, kabla ya mchana uwe umetoka. Nenda mjini. Nitakupigia akienda."

"Sawa," nikasema. (Huwa nasema sawa vizuri sana.)

Nilikuwa bado sijaoga. Niko na vesti yenye mashimo na kaptura ya shamba. Nekesa akaita kutoka jikoni, "Hii seveve imenywea kwa sufuria! Ongeza haraka!" Nikakimbia kwa maboga, nikavua kofia, nikaanza kuijaza majani. Ncha tupu, hakuna jani gumu. Ilipojaa, nikasikia pikipiki kwa geti.

Mama alikuwa amesema atafika mchana. (Mchana wa Bokoli huanza asubuhi, sasa ndio najua.)

Kutoka nyuma ni lazima nipite mbele ya veranda. Na veranda ndiyo hiyo ina mgeni. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikalala. Mimi si mtu mkubwa wa mwili, majani yakanifunika vizuri. Nikasema ataingia ndani anywe chai, nami nitapita pole pole.

Wapi!

"Nekesa, sitaki kiti. Nionyeshe hilo shamba."

"Mama, pumzika kwanza, chai iko tayari."

"Nimekaa kwa gari tangu Webuye na unataka nikae tena? Wewe pika, nitajionyesha."

Akaja. Nasikia viatu vyake vya plastiki, chwap, chwap, kwa matope. Na alikuwa anaongea na mboga.

"Hii kunde nani alipanda? Imebanana kama watoto kwa kitanda kimoja."

Nilitaka kuinuka! Ile kunde nilipanda kwa kamba, mstari kwa mstari, bana! Nikauma kidole.

"Managu, sawa." (Nikatabasamu ndani ya mbolea.)

"Saga imeanza kutoa maua. Mwenyewe alikuwa wapi?"

Hiyo iliniuma kwa sababu ni kweli, nilichelewa kuchuma.

Ni wakati huo siafu walipata kaptura yangu. Mmoja kwanza. Halafu akaita ukoo. Sikuweza kujikuna, sikuweza kulia. Nilikuwa naomba Mungu kwa lugha zote ninazojua, na ni mbili.

Kumbe Mama Njeri yuko upande wa pili wa ua anaanika nguo. Huyu mama watu wake walitoka Nyeri, wakaja kulima huku kitambo. Ni jirani mzuri kabisa, kila mwezi wa mvua tunapeana mbegu. Lakini mambo ya kukimbia mama mkwe hayajui.

"Baba Wafula! Umeanguka ama ni presha?"

Nikamfanyia ishara na mkono anyamaze.

"Huwezi kuongea? Uui! Ni kiharusi! Mama Wafula, njoo! Mzee wako ameanguka kwa maboga!"

Jikoni nikasikia mwiko ukianguka.

Halafu chwap, chwap, chwap. Vinakuja kwangu. Viatu vikasimama karibu na pua yangu. Nikafunga macho, nikasema nisipomwona, angalau nusu ya sheria imekaa. Mwili ulikuwa umefunikwa, lakini kichwa kilikuwa wazi, kofia iko pembeni na majani. Na kichwa changu mnakijua. Nywele ziliondoka mapema.

Majani yakasogea. Nikasikia pumzi ya mtu akiinama. Halafu ko, ko, ko! Kwa utosi. Kwa kifundo cha kidole, vile mtu hugonga boga kusikia kama limekomaa.

"Nekesa."

"Mama." Nekesa alikuwa ameshafika mbio kutoka jikoni.

"Hakuna mtu hapa. Ni boga."

"Ni... boga, mama?"

"Boga. Ganda limezeeka lakini ndani bado bichi. Usilikate."

Mama Njeri hakukubali. "Lakini nyanya, si limevaa vesti!"

"Kwetu maboga huvaa."

Mama Njeri akarudi kwa kamba yake ya nguo bila kuongeza yake. Mara ya kwanza tangu tuwe majirani.

Mama mkwe akaokota ile kofia. Nikasikia anapekua majani. "Hizi zimechumwa na mtu anayejua," akasema, si kwa sauti kubwa. Halafu akapaza sauti, kama anatangaza sokoni Chwele, "Sasa mimi naenda kuangalia ng'ombe kule mbele! Nitamwangalia mpaka nimalize. Boga likitaka kutambaa, litambae."

Ndugu zangu, nilitambaa. Nilipita kwa ua kama panya, waya ikashika kaptura, nikaiachia kipande chake. Nikatokea kwa Mama Njeri nikiwa na matope, siafu na nusu nguo. Alinipa leso yake nijifunge. Alikuwa anacheka mpaka anashikilia kamba ya nguo.

"Si ungeniambia mapema!"

"Nikuambie nini? Kwamba kuna siku nitalala kwa maboga?"

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nafikiria ule mkono wake. Amenigonga kichwa! Je, akikaa chini na kufikiria, si atasema sheria imevunjika na aitishe pikipiki? Nikaweka sikio kwa ua. Sahani zikalia. Ugali wa wimbi ukapakuliwa, naujua kwa mlio. Nekesa akanawisha mama mikono, wakaomba, na ombi lilikuwa refu mpaka nikakasirikia Mungu kidogo. Halafu kimya. Mtu bila meno akila mrenda hatoi sauti hata kidogo. Sikujua kama anakula ama anaangalia sahani. Nilishikilia nguzo ya ua. Mama Njeri naye akaacha kucheka, akaja kusikiliza.

Nikasema basi, imeisha, anafunga leso aende.

"Nekesa."

"Mama."

"Ongeza."

Nilikaa chini juu ya ndoo ya Mama Njeri, na ilikuwa na maji.

"Ongeza hiyo ya majani. Ugali achana nao."

Mama Njeri aliniangalia. "Baba Wafula, unalia?"

"Ni siafu."

"Siafu wako kwa macho?"

"Wako kila mahali, mama. Wacha maneno."

Ameongeza tena baada ya hapo, nilisikia na masikio yangu. Ameondoka kabla ya mvua, amebeba majani ya kupika kwao, na Nekesa anasema alikuwa anaimba akipanda pikipiki. Mimi nimeingia nyumbani nikakuta sufuria imepanguswa mpaka inang'aa. Nimekula mkate na chai. Mkate mtamu, sijui kwa nini.

Basi atakayenipigia kucheka, sitashika simu. Na nyinyi wanaume, mkiambiwa mtoke nyumbani, tokeni mapema, na mkiwa mmevaa suruali.