Mwiko Uliokatwa kwa Maelekezo ya Gazeti Lenu

Alhamisi, tarehe 17

Mhariri,
Ukurasa wa Familia.

Ndugu Mhariri,

YAH: MTAMBO WA KUBOMOLEA NGOME ULIOTOKA KWENYE GAZETI LENU LA JUMAMOSI TAREHE 5

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na mwenye nafasi ya kuisoma hadi mwisho, kwa sababu yaliyomo yanahitaji kushughulikiwa kabla ya Jumapili saa tatu asubuhi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ni msaidizi wa mpima ardhi, na kwa sasa niko kwenye likizo ya siku ishirini na nane. Sina tabia ya kulalamika. Nimepekua shajara yangu na kukuta kwamba mara ya mwisho nilipoandika malalamiko ilikuwa miaka sita iliyopita, kuhusu saa ya ukutani pale ofisini, na saa ile ikarekebishwa.

Siku hiyo ya tarehe 5 mlichapisha maelekezo ya kutengeneza mtambo wa vita wa zamani, mdogo, wa kukaa juu ya meza. Kwa faida ya wale wa ofisini kwako ambao hawakuyasoma, mtambo wenyewe uko hivi: ni mkono mrefu wa mti unaozunguka juu ya ekseli. Upande mfupi unaning'inizwa kitu kizito, upande mrefu unafungwa teo, yaani kombeo la kamba. Kizito kikianguka, mkono unanyanyuka na teo linarusha. Wafalme waliutumia kuvunjia kuta za maadui wao. Ninyi mkasema unatengenezeka kwa siku mbili, kwa vifaa vilivyomo nyumbani, na kwamba "utaileta familia yote mezani."

Mimi nimetumia siku saba, na matokeo yake baba mkwe wangu amefunga begi.

Hapa inabidi nikueleze kidogo. Baba mkwe ni fundi seremala mstaafu. Mama mkwe alifariki miezi minane iliyopita, na tangu hapo mzee anakaa kwetu. Sanduku lake la vyombo vya kazi liko chini ya kitanda na halijafunguliwa hata mara moja. Anakunywa chai kwenye kiti cha dirishani, anaitika akiitwa, basi. Sasa anataka kuondoka, na shemeji yangu atakuja kumchukua hiyo Jumapili. Kwa shemeji ni kwema, lakini yeye na mkewe wote wanatoka asubuhi na kurudi jioni, na mzee atakuwa anashinda na kuta nne. Mke wangu hajalia. Amenyamaza, na walio kwenye ndoa pale ofisini kwako watakueleza tofauti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maneno "vifaa vilivyomo nyumbani" yanampotosha msomaji. Tarehe 6 niliorodhesha vitu vyote, chumba kwa chumba, na nikagundua jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusia: nyumbani hakuna kitu kisicho na mwenyewe. Hanga mbili za mbao, nilizozifanya miguu ya mtambo, zilikuwa zimebeba sare za kazini za mke wangu, ambaye ni muuguzi. Sindano ya kufumia, niliyoifanya ekseli, ilikuwa katikati ya sweta. Kamba ya teo niliitoa kwenye kiatu cha kushoto cha baba mkwe, baada ya kuchunguza na kuona kwamba hatoki. Teo lenyewe nililikata kwenye soksi yangu, na hicho ndicho kifaa pekee ambacho hakuna aliyekiulizia.

2. Mlisema kizito kiwe mara mia ya kinachorushwa. Nilichagua kurusha haragwe kavu. Mizani ya jikoni haisomi haragwe moja, kwa hiyo nilipima maharagwe mia moja, nikapata gramu arobaini na tano, nikagawa kwa mia, kisha, kwa mujibu wa maelekezo yenu, nikazidisha kwa mia. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima ya tarehe 8, pamoja na kuhakiki. Mke wangu aliporudi kazini alisoma karatasi yangu ya hesabu akiwa bado amesimama na mkoba begani, akaniuliza kwa nini sikuyatia yale maharagwe mia kwenye mfuko nikayaning'iniza. Hilo lilipaswa kusemwa na gazeti, si na mke wangu.

3. Maharagwe mia yenyewe hayakutosha kunyanyua mkono. Ikabidi nichukue kufuli la geti. Tangu tarehe 11 nyumba yetu ina uwezo wa kubomoa ngome za watu wengine, huku geti lake likiegemezwa tofali. Jirani yetu, fundi cherehani, aliingia mpaka sebuleni bila kubisha hodi na kutuuliza kama tunahama.

4. Meza ni moja. Chakula tunalia magotini.

5. Kwenye picha yenu, bwana anayetengeneza mtambo anatabasamu na mkewe amesimama nyuma yake anatabasamu pia. Naomba kuelezwa ile picha ilipigwa siku ya ngapi ya kazi.

6. Mlielekeza kwamba mkono wa mtambo uwe "mti mgumu, mnyoofu, usio na ufa." Ndani ya nyumba yangu mti wa namna hiyo ni mmoja tu: mwiko wa sentimita hamsini na mbili uliokuwa kwenye droo ya jikoni. Nikaukata ukabaki na thelathini na tano. Msumeno sina, na sikutaka kumsumbua mzee kwa kuuliza, kwa hiyo nilitumia kisu cha mkate, siku moja na nusu, tarehe 9 na tarehe 10. Muda wote huo baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake akikohoa. Nilidhani ni vumbi la mbao, nikamfungulia dirisha. Akasogeza kiti karibu na meza na kukohoa zaidi. Nikafungua la pili. Nayataja haya ili ujue kwamba hakukosa kuhudumiwa.

Jumamosi ndipo mke wangu, ambaye wiki nzima alikuwa zamu ya mchana, alipouona mtambo kwa karibu na kuutambua ule mwiko. Baba yake ndiye aliyeuchonga. Ulikuwa wa mama yake, na ulikuja kwetu ndani ya lile begi. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Miezi minane kila mtu kwenye nyumba hii anatembea kwa ncha za vidole asije akagusa jeraha la baba. Wewe umechukua likizo ukaenda moja kwa moja."

Makala yenu ilitaja ugumu wa mti, unyoofu wake na nyufa zake. Haikusema popote kwamba msomaji aulize mti ulikuwa wa nani.

7. Mtambo unarusha nyuma. Tarehe 12 saa kumi na dakika kumi nilifyatua kwa mara ya kwanza. Haragwe halikwenda mbele. Nilichukua tepu na kuanza kupima umbali, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazi, na nilipofika mita moja na sentimita thelathini niligundua kwamba tepu yangu imeishia kwenye kikombe cha chai cha baba mkwe. Mzee alikitazama kikombe. Akautazama mtambo, kisha akanitazama mimi, na mimi bado nimeshika tepu. Akainuka, akaenda chumbani, na tukasikia zipu ya begi.

Mhariri, katika vitabu vya historia nilivyosoma sekondari, mtambo huu ulitumika kuwatoa watu ndani ya ngome. Siwezi kusema kwamba wa kwangu haufanyi kazi.

8. Mliahidi kwamba utaileta familia yote mezani. Tangu Jumamosi hiyo hakuna anayesogelea meza isipokuwa mimi, na mimi nakwenda kufuta vumbi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Mchapishe sahihisho kwenye gazeti la keshokutwa Jumamosi, ukurasa uleule, likieleza kwamba maneno "vifaa vilivyomo nyumbani" yanamaanisha vifaa ambavyo hakuna anayevitumia, na kwamba vifaa hivyo havipo.

(b) Uandike kwa mkono wako barua kwa baba mkwe, ukikiri kwamba aliyeukata mwiko ni gazeti. Mimi nitajitaja kama kisu.

(c) Endapo (b) haitamridhisha, ufike nyumbani kwetu Jumapili saa mbili na nusu, nusu saa kabla ya shemeji, ukiwa na mwandishi wa makala pamoja na yule mama anayetabasamu kwenye picha. Mkae upande wa kulia wa sebule. Nimeambatanisha ramani ya kufika, kwa vipimo. Geti mtalikuta limeegemezwa tofali, lisukumeni taratibu.

(d) Mrudishe sentimita kumi na saba za mwiko. Sijui mtafanyaje. Mimi pia sikujua nitarushaje haragwe, lakini mlinitia moyo kwamba kila mtu anaweza.

Barua hii nitaileta mwenyewe kesho asubuhi hadi mapokezi, ili isichelewe posta.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mchora katuni, na binti wa simu ambaye Jumanne alinisikiliza dakika ishirini na mbili bila kukata. Mke wangu angewasalimu pia kama tungekuwa tunaongea.

Wako katika kusubiri sahihisho,

Msomaji wa miaka kumi na tisa
(Msaidizi wa Mpima Ardhi, likizoni)

Nyongeza, Ijumaa tarehe 18, mchana.

Sikuja. Nakueleza sababu kwa mpangilio.

Saa mbili na robo nilikuwa mlangoni na bahasha mkononi. Baba mkwe alikuwa sebuleni anajaribu viatu kwa ajili ya safari. Cha kushoto hakikuwa na kamba. Akaangalia chini ya kiti, akaangalia huku na huku, mwisho macho yakatua kwenye mtambo, akaja mezani kuifungua kamba yake. Akainama. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko unaohitajika kufungua fundo.

Akasema, "Mkwe, hii ekseli yako imepinda. Ndiyo maana unarusha nyuma."

Nikasema ndiyo, baba. Halafu nikaanza kumwomba radhi kwa mwiko, kama nilivyokuwa nimeandika kwenye shajara, nukta kwa nukta. Hakuniacha nimalize hata ya kwanza.

"Mwiko ni mwiko tu. Mama yenu alivunja mitatu niliyomchongea, nikamchongea mingine. Mimi nilichoshindwa ni kukaa nyumba moja na mtu anayekata mti mgumu kwa kisu cha mkate, siku moja na nusu, na msumeno wangu uko chini ya kitanda." Akapitisha kidole pale nilipokatia, akakunja uso kama anayegusa jino bovu. "Siku saba nimekaa pale nakohoa nikingoja kuulizwa. Wewe unafungua madirisha."

Akaenda chumbani, na safari hii nilichosikia si zipu. Ilikuwa ni sanduku la vyombo likiburutwa sakafuni.

Alipokuwa anapiga randa niliifungua tena makala yenu ili nimsomee vipimo. Mhariri, kipengele cha sita kinasema hivi: "Kama nyumbani yupo mtu anayejua useremala, mwombe yeye akukatie mkono." Nilikwenda kwenye shajara. Tarehe 7 nimekinakili kipengele hicho chote, kwa mwandiko mzuri, na pembeni nimeandika: Hakituhusu.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko namba 1 hadi 8, isipokuwa namba 5, ambalo bado nataka jibu. Maombi yote yafutwe, na Jumapili msije, maana hakuna pa kuwakalisha. Mtambo sasa una ekseli ya chuma na unarusha mbele mita nne na sentimita kumi na mbili. Aliyevunja kioo cha dirisha la pili si mimi. Mke wangu alirudi kutoka zamu ya usiku asubuhi hii akatukuta, akasimama mlangoni kidogo, kisha akavuta kiti, akamwambia baba yake ampishe alenge yeye. Wameanza kubishana kuhusu ukubwa wa haragwe na hawajamaliza hadi ninapoandika.

Barua nimeamua kuituma hata hivyo, kwa posta, kwa kuwa ina kurasa tano na sasa haina haraka. Shemeji naye tumempigia simu asije kuchukua mtu. Tumemweleza kwamba begi halipatikani: tulihitaji ukuta wa kulenga, na mzee mwenyewe ndiye aliyelitoa nguo na kulisimamisha mwisho wa meza. Ndilo ngome. Limepigwa mara thelathini na moja, nimehesabu, na bado halijaanguka.