Rangi Kwenye Mkia wa Kereng'ende

Jumatatu, 5 Mei
Daktari Wagaki, mtafiti wa wadudu, amekuja mtaani kwetu Olympic akigawa karatasi. Anatafuta kereng'ende mmoja adimu, mwenye mkia uliovimba nchani kama rungu. Atakayemleta akiwa hai ataajiriwa mwaka mzima kuwaongoza watafiti mitoni. Mwaka mzima! Tangu mashine zianze kuchapisha mabango, mimi fundi wa kuyaandika kwa mkono nimepata kazi ya kioski kimoja tu. Kazi hii ni yangu. Sifuna, fundi viatu, naye amechukua karatasi. Atajua hajui.

Jumanne, 6 Mei
Karatasi ina maneno mengi. Mimi huandika maneno, kuyasoma ni kazi ya wateja. Nimekata picha iliyo kubwa kuliko zote nikaitia mfukoni. Rungu lina madoa mawili ya manjano. Jael, mke wangu, ameuliza kama si vizuri nisome kwanza. Nimemwambia hii ni sayansi.

Alhamisi, 8 Mei
Nimempata! Kijitoni, nyuma ya Kawangware, baada ya kuanguka majini mara mbili. Rungu safi kabisa. Ila ni jeusi tii, halina doa hata moja. Nadhani madoa yamechujuka kwa mvua. Nimemweka kwenye friji ya soda ya Sella wa duka ili atulie. Sella amesema mteja akiuliza, yeye hanijui. Mdudu akatulia. Brashi ndogo, madoa mawili. Sijawahi kupaka rangi vizuri hivi.

Ijumaa, 9 Mei
Daktari amemtazama kwa lenzi. Akasema kwa upole kwamba huyu mwenye madoa ni binamu tu wa yule adimu, wako kila mahali, na picha yake iliwekwa kubwa ili watu wasimlete. Kisha akaona kidole chake kimekuwa manjano. Akampangusa mdudu. Akampangusa tena. Rungu likabaki jeusi, Daktari akakaa chini. Kumbe huyu ndiye yule adimu, mwenye rungu jeusi, aliyemtafuta miaka sita. Nikanyoosha mkono nipongezwe. Akaniuliza ni wadudu wangapi wengine nimewapaka rangi.

Kazi amepewa Sifuna. Yeye alipeleka panzi, lakini hakumpaka kitu. Imeniuma sana.

Jumamosi, 10 Mei
Jael ameniambia, Baba Audrey, nenda ukamwombe Daktari msamaha, labda atakufikiria tena. Ni kweli. Nitaenda Jumatatu, na siendi mikono mitupu. Kule kijitoni binamu wenye madoa wamejaa tele, nimeshakamata wanne. Rangi nyeusi ninayo, kopo zima.